Friji Yauma: Waya Uliosahauliwa katika Nyumba za Ng'ambo

Katika nyumba moja ya Mtongwe, Likoni, kando ya mlango wa jikoni paliwekwa jozi ya slipa za buluu zisizokuwa na mwenyewe. Ukitaka maji baridi unazivaa, unafungua friji, unatoa chupa, unafunga, kisha unazivua umwachie atakayekuja nyuma yako. Mgeni akisahau, bi mkubwa wa nyumba humwita kutoka ukumbini: "Vaa slipa kwanda, mwanangu, friji yauma." Nimezivaa slipa hizo kwa miaka. Watoto wa nyumba ile walijua kuzivaa kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati.

Nazikumbuka kwa uchungu, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imegundua hitilafu inayoweza kuua mtu, ikaitungia desturi, ikaishi nayo. Glopu ziliwaka. Feni zilizunguka. Tokeni zilinunuliwa na mita ikazikubali. Hapakuwa na aliyesema umeme wa nyumba ni mbovu, maana kwetu umeme mbovu ni ule uliokatika.

Kosa hilo limeenea ng'ambo za Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, katika nyumba za vyumba sita, nyumba za kaunsili na nyumba za mawe ya matumbawe. Hewa ya bahari haianzi kwa kula waya unaowasha taa. Huanza na waya unaokulinda, na huo ukishaliwa, taa haizimiki wala haififii.

Soketi ya matundu matatu tunayoitumia ni urithi wa Uingereza, ilikosanifiwa mwaka 1947. Matundu mawili ya chini ni ya laivu, inayoleta umeme, na nyutro, inayourudisha. Glopu, feni na friji hufanya kazi kwa hayo mawili tu. Tundu la juu ni la waya wa ardhi, ambao siku za kawaida hauna kazi yoyote. Umefungwa kwenye bati la friji, ukapita ukutani na kushuka nje hadi kwenye fimbo iliyopigwa chini mchangani. Unangoja siku ambayo laivu itachubuka ndani ya friji na kugusa bati, ili uubebe umeme huo kwenda ardhini kabla mkono wa mtu haujaubeba. Huenda ukangoja miaka 20. Katika miaka hiyo hakuna anayeutazama, na chumvi haipumziki.

Chumvi ya hewani huvuta unyevu. Ikitua kwenye skrubu ya soketi hubaki na majimaji hata jua linapowaka, na majimaji ya chumvi hupitisha umeme na kula madini. Ubaya zaidi uko pale waya wa shaba unapobanwa kwenye fimbo ya chuma: madini mawili tofauti yakikutana ndani ya maji ya chumvi, moja humla mwenzake. Ndiyo maana kiungo hicho, kilichofukiwa chini ya dirisha la bafu ambako maji ya kuoga humwagika kila siku, ndicho hufa kwanza. Likoni na Kisauni zina jambo jingine: ardhi yake kwa sehemu kubwa ni mchanga na matumbawe. Mvua ikinyesha fimbo hushika vizuri. Ukija msimu wa kaskazi, Januari hadi Machi, mchanga hukauka na ile ile fimbo haishiki tena. Changamwe na Miritini, kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, hali huwa afadhali kidogo.

Changamwe nayo ina ugonjwa wake. Katika nyumba kuukuu zilizojengwa kwa mtindo wa Kiingereza, nyaya zilipitishwa ndani ya paipu za chuma, na paipu yenyewe ndiyo iliyokuwa waya wa ardhi. Ilikuwa kazi nzuri kwa wakati wake. Lakini paipu ile hushika kutu kwenye viungo, na kutu haipitishi umeme inavyotakiwa. Ukifungua soketi utaona paipu imefika hadi kwenye boksi, nzima machoni, kumbe ndani ya ukuta imekatika sehemu tatu. Nyaya za zamani zaidi zimefunikwa kwa mpira badala ya plastiki. Mpira ule umekauka, na ukiupinda hupukutika mkononi kama ganda la mkate. Fundi mwangalifu akiukuta hauvuti wala haukunji. Anaiambia familia ukweli, kwamba hapo hakuna cha kurekebisha ila kung'oa na kupitisha nyaya mpya.

Na kuna wanaoukata waya wa ardhi makusudi. Kipande cha shaba kinachoning'inia nje ya ukuta kina bei kwa muuza vyuma chakavu. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi michache. Hatua ile ililenga minara. Kipande cha waya cha nyuma ya nyumba ya Bofu au Mlaleo hakitangazwi na mtu, kwa kuwa mwenye nyumba hajui kama kimeibwa. Taa zake zinawaka.

Wengi watajibu: lakini si kuna breka? Breka ipo, lakini kazi yake ni kulinda waya usiungue. Mtu hayumo katika hesabu yake. Umeme wetu ni volti 240. Mwili ulioloa, uliosimama pekupeku kwenye sakafu ya saruji, unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Gawanya 240 kwa 1,000 upate ampea 0.24. Breka ndogo kabisa ya taa ni ya ampea 5 au 6, na ya soketi huwa 30 au 32. Kwa breka, ampea 0.24 ni glopu moja imewashwa. Haitakatika. Lakini moyo wa binadamu unaweza kuvurugika kwa chini ya nusu ya kiasi hicho.

Hata fimbo ikiwepo haitoshi kuiamsha breka. Fimbo iliyochoka katika mchanga mkavu inaweza kuwa na omu 100. Laivu ikigusa bati, umeme utakaoshuka ardhini ni ampea 2.4, na breka ya ampea 32 itaendelea kutulia huku bati la friji likiwa na karibu volti zote 240. Ampea hizo hupita kwenye mita, kwa hiyo unazilipia: kwa siku moja ni karibu yuniti 14. Mtu anayelalamika kwamba tokeni zinaisha upesi kuliko matumizi yake asikimbilie kuilaumu mita. Azime kila kitu, achomoe kila plagi, kisha aangalie kama mita bado inahesabu.

Kifaa kinachoziba pengo hili si kipya. Dukani huulizwa kwa herufi tatu, RCD. Kazi yake ni kulinganisha umeme uliotoka kwa laivu na uliorudi kwa nyutro. Vikipishana, ina maana kuna unaovuja, pengine kupitia mwili wa mtu, nacho hukata. Kinachofaa nyumbani hukata uvujaji ukifika miliampea 30, yaani ampea 0.03, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Bara letu lina nafasi katika historia yake. Kule Stilfontein, kijiji cha wachimba dhahabu Afrika Kusini, mwanamke mmoja aliuawa na umeme nyumbani kwake, na katika miaka ya 1957 na 1958 vifaa vya aina hiyo vikafungwa katika mamia ya nyumba za kijiji kile. Huko Marekani, Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California alibuni cha kwao mwaka 1961.

Rudi sasa kwenye ile fimbo ya omu 100. Ukiwa na RCD ya miliampea 30, umeme hukatwa bati likiwa na volti 3 tu, kiasi ambacho mkono hauhisi. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: familia yenye fedha za jambo moja tu inunue kifaa hiki kabla ya rangi, kabla ya soketi za ziada, kabla ya kiyoyozi. Fimbo mpya ifuate mara tu fedha zikipatikana, kwa sababu pasipo fimbo kifaa kitangoja mpaka mtu aguse ndipo kihisi uvujaji. Atarushwa, ingawa yaelekea ataishi.

Na hapa ndipo jambo linapokuwa gumu, kwa sababu kifaa hiki kina maadui ndani ya nyumba zenyewe. Tuseme kimefungwa Februari. Miezi miwili kimya. Mei inaingia na mvua za masika, kuta za matumbawe zinakunywa maji, zinatoa jasho mpaka chokaa inabanduka. Usiku wa manane kifaa kinakata. Mtu anakipandisha, kinakata tena. Friji ina samaki wa biashara, mtoto analia kwa joto. Asubuhi anaitwa fundi wa mtaani, naye anasema maneno niliyoyasikia Kisauni na Likoni kwa namna ile ile: "Hii breka mbovu, mama, acha niitoe." Anaunganisha waya moja kwa moja, anapokea chake, na nyumba inamshukuru.

Kifaa kilikuwa kinasema kweli. Ukuta ulikuwa umeloa na umeme unavuja, kidogo chumba hiki na kidogo chumba kile, na vidogo sita vikijumlishwa vinavuka mpaka. Mara nyingine sababu ni nyutro ya kuazima: fundi wa zamani alipoongeza taa ya ukumbini alichukua laivu chumba cha kwanza na nyutro chumba cha tatu, taa ikawaka, akaondoka. Ukigawa nyumba kwa vifaa viwili, kimoja kinaona umeme unaotoka bila kurudi na kingine unaorudi bila kutoka, navyo vinakata.

Dawa ya yote mawili ni subira ya fundi. Anakata breka zote, anapandisha moja moja, mpaka apate chumba kinachovuja. Anafungua soketi zake, anakausha, anabadilisha boksi la chuma lililooza aweke la plastiki na skrubu za shaba zisizoshika kutu. Soketi iliyo kwenye ukuta unaopigwa na mvua ya kusi anaihamisha ukuta wa ndani. Bora zaidi, asifunge kifaa kimoja kwa nyumba nzima. Kila vyumba viwili vikiwa na chake, masika itazima upande mmoja, na watu hawatakuwa na sababu ya kumwambia fundi akitoe. Ni gharama zaidi, nalijua hilo, lakini kinga inayoudhi haikai ukutani.

Nani alipe? Swali hili ndilo linaloamua yote, na Mombasa lina sura ambayo hailingani na miji mingi ya Kenya. Kenya Power inashughulika na nguzo, waya unaoingia na mita. Kuanzia mita kuingia ndani ni juu ya mteja. Lakini katika nyumba nyingi za ng'ambo mteja ni nani? Tuna ule utaratibu wa nyumba bila ardhi: kiwanja ni cha mtu mmoja, nyumba ni ya mwingine anayelipa kodi ya kiwanja, na vyumba vimepangishwa kwa watu sita. Mwenye nyumba anajua anaweza kuambiwa ahame, kwa hiyo hafukii fedha ukutani. Mpangaji anajua chumba si chake. Mwenye kiwanja hahusiki. Wakaazi wa shamba la Waitiki, Likoni, walipoanza kupewa hati Januari 2016, walikuwa wameishi karibu miaka 20 katika nyumba ambazo hakuna aliyekuwa na hakika atazikuta mwakani. Siwezi kumlaumu mtu aliyefunga umeme wa muda katika nyumba ya muda. Tatizo ni kwamba nyumba ya muda imekuwa na wajukuu.

Matokeo yake ni mita moja barazani na masharti mdomoni: chumba kina haki ya glopu moja, redio na kuchaji simu. Pasi hairuhusiwi, koili hairuhusiwi. Mpangaji ana sare za watoto za kupiga pasi. Hununua kile kijisoketi kinachoingizwa mahali pa glopu, akachomeka pasi ya wati 1,000 kwenye waya wa taa. Kijisoketi hicho hakina waya wa ardhi hata kidogo. Pasi ni ya chuma, mikono imeloa kwa maji ya kunyunyizia nguo, na mlango umefungwa ili mwenye nyumba asione. Marufuku imezaa jambo la hatari kuliko lile lililokatazwa. Mwenye nyumba akiweka soketi moja halali katika kila chumba, yenye breka yake na mita ndogo ya kuhesabu, atapoteza fedha mara moja na kuacha kugombana kila mwezi. Kwa nyumba za udongo na fito ambazo ukuta haushiki paipu, zipo zile bodi ndogo zilizokwisha kuungwa, zenye breka, soketi na swichi za taa kwenye kipande kimoja, zilizotumiwa katika miradi ya kuunganisha umeme kwa nyumba za kipato cha chini. Zinafaa, mradi ziwe na fimbo yake ardhini, na chini ya paa la makuti nyaya zisilazwe ndani ya makuti.

Nikitoka nje ya nyumba, niseme juu ya visima. Ng'ambo zimezoea kukosa maji ya mfereji, na ua baada ya ua una kisima chenye pampu. Maji mengi ni ya chumvichumvi. Pampu inakaa sakafuni, waya wake umeungwa kwa tepu mahali pawili, na anayeiwasha huwa ni mtoto aliyetoka kuoga. Kama kuna sehemu moja ya nyumba isiyostahili kupewa umeme bila RCD, ni hii. Kamba ya kuanikia nguo iwe ya nailoni. Ile ya waya, iliyofungwa upande mmoja kwenye bati la paa, huchukua umeme wowote uliomwagika juu ya bati na kumpelekea aliyeshika kanga mbichi.

Kuna hatari moja ambayo RCD haiioni: kiungo kilicholegea. Skrubu ikiliwa na kutu, umeme hupita kwa shida na mahali pale hupata moto. Soketi inageuka rangi ya chai, plagi inatoka na joto. Chini ya mabati ya mchana, ambapo hewa ya darini huweza kupita nyuzi 50, waya wa plastiki wa kawaida unapaswa kubebeshwa karibu asilimia 70 tu ya mzigo wake. Plastiki ya vifaa vya umeme ikianza kuungua hutoa harufu kama ya samaki. Sehemu nyingine mtu angeshtuka. Kwetu, jioni, barabara nzima inakaanga samaki. Ukiisikia harufu hiyo saa nane usiku, wakati majiko yote yamezimwa, amka uguse soketi zako kwa nyuma ya mkono, juu ya plastiki, moja moja.

Kuhusu mafundi nitasema machache. Chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, mamlaka ya EPRA ndiyo inayotoa leseni kwa mafundi wa umeme, na kazi ya kuunganisha nyumba hufungwa kwa hati ya ukamilishaji. Muombe fundi leseni yake bila haya, kama unavyomuomba dereva nauli iliyobaki. Tazama vyombo vyake pia. Mwenye testa ya bisibisi peke yake anaweza kujua kama laivu ipo. Waya wa ardhi hawezi kuupima, wala unyevu wa ukutani. Kwa kazi hiyo kuna mashine, na asiyekuwa nayo anabahatisha maisha yako. Unaponunua waya, upime kwa mkono. Waya bandia huwa mwepesi, kwa sababu ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na katika hewa yetu hauchukui muda kugeuka unga.

Nyumba ya Mtongwe ilitengenezwa hatimaye, baada ya mpangaji wa chumba cha nyuma kurushwa hadi akavunja kabati. Fundi alichimba kwa jembe chini ya dirisha la bafu. Waya ulikuwepo mpaka inchi chache kutoka kwenye fimbo. Baada ya hapo palikuwa na unga wa kijani tu, na kibano kilichovunjika kwa vidole. Kwa hesabu ya bi mkubwa, friji ilianza kuuma mwaka ambao mjukuu wake aliingia darasa la kwanza. Mjukuu huyo sasa yuko sekondari.

Walipiga fimbo mpya, ndefu zaidi, mbali na maji ya bafu, na kiungo chake kikawekwa ndani ya kishimo chenye kifuniko ili kionekane. RCD zikawa tatu. Gharama ziligawanywa: fimbo na boksi la breka kwa mwenye nyumba, soketi ya chumba kwa mpangaji, ikakatwa kwenye kodi kidogo kidogo kwa miezi sita. Masika ya kwanza moja ilikata mara mbili, nao wakatafuta ukuta unaovuja badala ya kumwita mtu wa kuitoa.

Kila RCD ina kitufe cha T cha kuijaribu, na kwa chumvi ya huku kisipobonyezwa mara kwa mara, kifaa chaweza kuganda ndani kisikate siku kinapohitajika. Kwa hiyo kila tarehe tano, siku ya kukusanya kodi, mjukuu hupanda kigoda barazani. Anabonyeza cha kwanza, vyumba viwili vinazimika, na sauti inatoka ndani: "Nani huyo?" Anajibu, "Ni mie, napima." Anakipandisha, anahamia cha pili.